Kufanana kwa Kuzaliwa na Kufanana kwa Kufunzwa: Ulimwengu wa Wanawake katika Glory Season na Kielelezo cha Mombasa

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili aghalabu huiweka riwaya ya kisayansi kando. Husemwa kwamba utanzu huu ni wa mataifa yenye viwanda vikubwa na vyombo vya angani, na kwamba msomaji wa Pwani ya Afrika Mashariki hana pa kuushikia. Rai hii ina kasoro moja kubwa: inachukulia kwamba jambo la msingi katika riwaya ya kisayansi ni mitambo. Kwa hakika mitambo ni sehemu ndogo tu. La msingi ni ujenzi wa ulimwengu, yaani kazi ya mwandishi ya kubuni jamii nzima ambayo haipo, kuipa sheria zake, uchumi wake, mila zake na lugha yake, kisha kumshawishi msomaji kwamba watu wanaweza kuishi humo. Na katika kuipima kazi hiyo, msomaji anayeijua vizuri jamii yake mwenyewe ana kipimo ambacho huenda hata mwandishi hakuwa nacho.

Makala haya yanakichukua kipimo hicho katika Kisiwa cha Mombasa, na hasa katika Mji wa Kale, na kukitumia kuipima Glory Season, riwaya ya Mmarekani David Brin iliyotolewa mwaka 1993. Riwaya hiyo inasimulia ulimwengu unaotawaliwa na wanawake, na wengi wa wenye nguvu humo ni kloni, yaani watu waliozaliwa wakiwa nakala kamili ya mama zao. Hakudaiwi hapa kwamba Brin aliijua Mombasa wala kwamba aliiga chochote kutoka huko. Hoja ni nyingine. Ndani ya mji uliotawaliwa na wanaume, wanawake wa Mombasa walijenga ulimwengu wao wenye vyama, vyeo, mashindano na elimu yake, na walikuwa na njia zao za kumfanya binti afanane na wale waliomtangulia. Ulimwengu huo unapowekwa kando ya ule wa Brin, hudhihirika kwamba mwandishi huyu amelipa jibu la kibiolojia swali ambalo kwa asili yake ni swali la malezi na lugha. Na hapo ndipo jengo lake linapopwaya.

Misingi ya Stratos

Brin hakuwa wa kwanza kubuni nchi ya wanawake. Mwaka 1905 Rokeya Sakhawat Hossain, mwandishi Mwislamu wa Bengali, alitoa hadithi iitwayo Sultana's Dream, ambamo wanawake wanaongoza dola kwa elimu ya sayansi na wanaume ndio wanaokaa ndani. Mwaka 1915 Charlotte Perkins Gilman wa Marekani alitoa Herland, kuhusu wanawake wanaozaa mabinti bila ya wanaume. Mwaka 1976 Alice Sheldon, aliyeandika kwa jina la James Tiptree Jr., alitoa Houston, Houston, Do You Read?, ambamo wanaanga watatu wanaume wanakuta ulimwengu usio na wanaume tena, unaoendelezwa kwa njia ya kloni. Brin basi anaingia katika mazungumzo ambayo wanawake ndio waliyaanzisha, naye anaingia akiwa mwanamume mwenye elimu ya fizikia. Jambo hili halimtoi katika haki ya kuandika, lakini linafaa kukumbukwa.

Sayari ya Brin inaitwa Stratos. Iliasisiwa na mwanasayansi mwanamke aitwaye Lysos, ambaye yeye na wenzake walijitenga na jamii nyingine za binadamu na kuubadilisha mwili wa mtu. Huko Stratos mimba ya majira ya baridi humleta binti aliye nakala ya mama yake. Mwanamume anahitajika ili kuiamsha mimba hiyo, lakini hana urithi wowote anaouacha ndani yake. Mimba ya majira ya joto ni ya kawaida, na huleta watoto wa kike na wa kiume wasiofanana na yeyote. Kloni wa mama mmoja hukusanyika katika ukoo mmoja wenye nyumba yake, mali yake na kazi yake maalumu. Watoto wa majira ya joto hulelewa katika nyumba hizo mpaka wakifika umri wa kujitegemea, kisha hutolewa nje wakatafute riziki. Wanaume ni wachache, na wengi wao ni mabaharia waliojiunga katika vyama vyao.

Mhusika mkuu ni Maia. Yeye na pacha wake Leie walizaliwa majira ya joto katika nyumba ya ukoo wa Lamatia, kwenye bandari iitwayo Port Sanger. Wanapotolewa nje wana mpango mmoja: wautumie ufanano wao wa pacha, wafanye kazi pamoja, na siku moja waanzishe ukoo wao. Safari yao ya baharini inawatenganisha, na riwaya iliyobaki inamfuata Maia katika taabu zake, kifungoni, na katika kukutana kwake na Renna, mgeni mwanamume aliyetoka katika ulimwengu wa mbali.

Sifa ya kwanza ya Brin ni kwamba hakuifanya Stratos kuwa pepo wala jahanamu. Ni nchi yenye amani kuliko nchi nyingi, lakini ina tabaka lake la chini. Sifa ya pili ni kwamba ameufikiria uchumi. Ukoo wa kloni hudumu pale tu unapoipata kazi ambayo tabia yao inaifaa kuliko watu wengine; kazi ikitoweka, ukoo nao hudhoofika. Waandishi wengi wa ndoto za namna hii husahau kuuliza watu wanakula nini. Brin hakusahau.

Pwani ya Pepo Mbili

Msomaji wa Mombasa anapoisoma Stratos hushangaa kuona jinsi alivyokwisha kuizoea. Bandari ambamo nyumba ni za koo na wanaume ni wa bahari. Mwaka uliogawanyika sehemu mbili. Mabaharia wanaokuja kwa majira na kuondoka kwa majira. Milango inayofunguliwa na kufungwa kufuatana na hali ya mbingu: haya yote hayahitaji kufasiriwa mbele ya mtu aliyelelewa karibu na Bandari ya Kale. Kwa karne nyingi mji huu uliishi kwa pepo mbili. Kaskazi, inayovuma kati ya Disemba na Machi, ilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi, inayoanza Aprili, iliyarejesha. Manahodha na mabaharia walishuka, wakafanya biashara, wengine wakaoa, kisha upepo ukageuka. Biashara hiyo ilififia sana katika karne ya 20, lakini alama yake imebaki katika lugha na katika koo za mji.

Hata wazo la mwanamke kuwa asili ya mji si geni. Masimulizi ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi, malkia aliyetawala kisiwani kabla ya Shehe Mvita, ambaye jina lake ndilo lililobaki katika neno Mvita. Masimulizi kama haya hayatoshi kuwa ushahidi wa historia, lakini yanatosha kuonyesha kwamba wenyeji hawakuona ajabu kuuanza mji wao kwa mwanamke. Na katika desturi ya harusi, bwana harusi ndiye aliyeingia nyumbani kwa bibi harusi na kukaa huko siku 7 za fungate. Mwanamume aliingia katika nyumba ya wanawake akiwa mgeni, ingawa sheria na mahakama zilikuwa upande wake.

Lakini kufanana huku kwa sura ya nje kusimvutie mhakiki kupita kiasi. Mombasa haikuwa Stratos. Kadhi alikuwa mwanamume, liwali alikuwa mwanamume, na urithi uligawanywa kwa sheria iliyompa mwana wa kiume mafungu mawili na binti fungu moja. Jambo linalostahili kuchunguzwa ni lile lililo ndani zaidi: je, jamii ya wanawake hujiendeleza vipi kutoka kizazi kimoja hadi kingine?

Sare na Somo

Jibu la Brin ni fupi: hujiendeleza kwa mwili. Binti wa ukoo wa Lamatia ni Lamatia kwa sababu hawezi kuwa mwingine. Ni kweli kwamba koo hizi zina shule na mafunzo, na binti wa majira ya baridi hupewa elimu bora kuliko nduguye wa majira ya joto. Hata hivyo riwaya inaichukulia elimu hiyo kama maji yanayomwagiwa mbegu ambayo tayari ina kila kitu ndani yake. Kipaji, hasira, subira na werevu wa biashara, vyote vimo katika damu.

Wanawake wa Mombasa walikuwa na tatizo lile lile bila ya kuwa na uwezo wa Lysos. Walizaliwa tofauti, ilibidi wafananishwe. Chombo kimoja walichokitumia ni sare. Katika vyama vya lelemama, ambavyo vilishamiri Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wanachama walivaa nguo za namna moja, wakasimama safu moja, wakacheza kwa mwendo mmoja wa taratibu wa mikono na kichwa. Katikati ya karne hiyo vyama viwili vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo. Mwanamke alipanda cheo katika chama chake kwa kutumia mali na kwa kulisha watu. Mtazamaji aliyeiona safu ile kwa mbali angeweza kudhani ni mtu mmoja aliyerudiwa mara ishirini. Aliyesogea karibu angemwona binti wa waungwana, mjukuu wa mtumwa, na mwanamke ambaye wazazi wake walitoka nchi nyingine, wote wamevaa kitambaa kimoja. Ufanano wao ulikuwa umenunuliwa, umeshonwa, umefanyiwa mazoezi, na ungeweza kuvunjika usiku huo huo kama pangetokea ugomvi.

Chombo cha pili ni somo. Msichana alipovunja ungo, na tena alipokaribia kuolewa, alikabidhiwa kwa mwanamke mzima aliyemfunza mambo ya mwili, ya usafi, ya adabu na ya nyumba. Mwanamke huyo huitwa kungwi, na huitwa pia somo. Wanaleksikografia wanajua kwamba neno somo lina maana zaidi ya moja: ni mafundisho yatolewayo darasani, ni kungwi, na ni mtu mwenye jina moja na mwingine, kama vile mjukuu aliyepewa jina la bibi yake. Si lazima kudai kwamba maana hizi zote zina asili moja. Inatosha kutambua kwamba katika kinywa cha mzungumzaji zinakaa mlango mmoja: anayelingana nami kwa jina, na anayenifunza niwe nani. Lugha imeviweka pamoja vitu ambavyo Brin amevitenga. Katika Stratos, aliye sawa na mama yake hahitaji sana kufunzwa. Katika Mombasa, hakuna usawa wowote kabla ya kufunzwa.

Tofauti hii ina matokeo makubwa katika fani. Kwa kuwa ufanano wa kloni umetolewa bure na maumbile, Brin hana haja ya kuonyesha kazi ya kuutengeneza. Kwa hiyo mambo yanayoipa jamii uhai katika riwaya, yaani mazoezi, makosa, aibu, wivu wa mafundi, mwalimu mkali na mwanafunzi mvivu, yanabaki nje ya nyumba za koo. Msomaji anazijua koo hizi kwa majina, kwa kazi na kwa sura zake, lakini ni mara chache anapoingizwa ukumbini na kumwona binti akigeuzwa kuwa mtu wa ukoo.

Inaweza kujibiwa kwamba hoja hii inamwonea mwandishi, kwa kuwa alikusudia kufanya jaribio la kifikra kuhusu biolojia, na kwamba haifai kumdai asichokusudia. Jibu la pingamizi hili limo ndani ya riwaya yenyewe. Maia na Leie ni pacha wa sura moja. Kwa mantiki ya Stratos wangepaswa kuwa mtu mmoja katika miili miwili, na huo ndio mtaji wanaoutegemea. Tena wamelelewa nyumba moja, chini ya dari moja. Lakini Leie ni mwepesi wa kuthubutu na Maia ni mtu wa kutafakari. Na wakishatengana, kila mmoja anachukua njia yake, hata Leie anaonekana tena akiwa miongoni mwa maharamia. Kisa hiki kinaikanusha nadharia ya Lysos. Kinaonyesha kwamba damu moja na malezi ya nyumba moja bado havitoshi kuwafanya watu wawili wawe mmoja. Brin msimulizi analijua jambo ambalo Brin mjenzi wa ulimwengu amelipuuza, na kurasa bora za kitabu chake ni zile ambamo msimulizi anamshinda mjenzi.

Leso na Haja ya Fumbo

Upungufu huu unaonekana dhahiri zaidi katika lugha. Riwaya inawaonyesha kloni wa ukoo mmoja kama watu wanaoelewana upesi, kwa kuwa kila mmoja anaujua moyo wa mwenzake kama aujuavyo wake. Wazo hili lina mantiki. Lakini likifuatwa hadi mwisho linaleta swali ambalo mwanaisimu hawezi kuliepuka: watu wasio na la kufichana wana haja gani na mafumbo?

Mombasa inajibu kwa leso. Leso, ambayo sehemu nyingine huitwa kanga, huuzwa vipande viwili vilivyo sawa kabisa kwa rangi, kwa pindo na kwa maandishi. Ni nguo ya pacha. Nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza Mombasa mwaka 1887 na kujulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, inatajwa sana katika historia ya kuingiza misemo katika nguo hiyo. Msemo huo huitwa jina la leso. Wanawake mia moja wanaweza kununua leso ya jina moja kwa siku moja, na kila mmoja akawa na lake alilolikusudia: huyu anamsema jirani, yule anamwonya mume, wa tatu anamshukuru mama yake, na wa nne amependa rangi tu. Maandishi ni yale yale. Maana inatoka kwa aliyevaa, aliyekusudiwa, na ugomvi uliotangulia. Nguo zinazofanana zimekuwa chombo cha watu wasiofanana.

Hali kadhalika nyimbo za lelemama zilikuwa uwanja wa kujibizana. Chama kimoja kilitunga, kingine kikajibu, na mji mzima ukakaa kufumbua. Fumbo huishi mahali ambapo watu wanakaa karibu mno kiasi cha kutoweza kugombana waziwazi, na wakati huo huo wametofautiana mno kiasi cha kutoweza kunyamaza. Nyumba za Mji wa Kale, zilizobanana katika vichochoro vya Kibokoni na Kuze, zilitimiza masharti yote mawili. Nyumba ya kloni inatimiza la kwanza pekee. Kwa hiyo si ajabu kwamba Stratos, pamoja na wingi wa mambo yake, ni maskini wa nyimbo na misemo ya wanawake. Mchezo unaoelezwa kwa kina katika riwaya ni mchezo wa mahesabu, nao ni wa mabaharia, yaani wa wanaume. Mwandishi aliyebuni mwili mpya wa mwanamke hakumbunia ulimi mpya.

Walioachwa Nje

Kila ulimwengu wa kubuni huulizwa swali moja: nani anabeba maji? Katika Stratos wanaobeba ni watoto wa majira ya joto. Hawana ukoo, hawana mtaji, na kuishi kwao kunategemea kazi ambazo koo hazizitaki. Brin analitazama tabaka hili kwa huruma na kwa ukweli, na kwa kumchagua Maia kuwa macho ya riwaya ameiweka hadithi mahali pake panapostahili.

Mombasa nayo ilikuwa na walioachwa nje. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria katika Pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini tofauti kati ya waungwana na watumwa iliendelea kuhesabiwa katika ndoa na katika heshima kwa muda mrefu baadaye. Mhakiki asiupambe ulimwengu wa wanawake wa Mombasa kana kwamba ulikuwa udugu mtupu. Ustaarabu wa bibi mkubwa wa ndani ulitegemea mikono ya wanawake waliotoka nje kwenda kisimani na sokoni.

Hata hivyo Mombasa inatoa hapa jambo ambalo Stratos haina. Wanawake wenye asili ya utumwa, ambao mababu zao walitoka bara, ndio aghalabu waliokuwa makungwi. Wao ndio waliohifadhi ngoma za unyago na maarifa yake, na wao ndio waliowafunza mabinti wa waungwana. Utafiti wa Margaret Strobel, uliotolewa mwaka 1979 katika kitabu Muslim Women in Mombasa, 1890-1975, uliliweka wazi suala hili. Maana yake ni nzito. Aliyedharauliwa kwa nasaba ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kumfanya muungwana awe mwanamke kamili machoni pa mji. Utamaduni ulipanda kutoka chini kwenda juu, ukabadilika njiani, na waliojiona wenyeji wa asili wakawa wanacheza ngoma za wale waliowaita wageni. Ukoo wa kloni hauwezi kupokea kitu kwa njia hiyo. Unaweza kumfukuza asiyefanana au kumwajiri. Hauwezi kufunzwa naye jinsi ya kuwa wenyewe.

Vyama navyo viliendelea kubadilika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanawake waliopata uzoefu wa uongozi katika lelemama walikuwa miongoni mwa walioanzisha vyama vya maendeleo vya wanawake Waislamu, na madai ya elimu na ya kura yakaingia mahali pa mashindano ya ngoma. Jamii ya wanawake iliyojengwa juu ya mafunzo iliweza kujifunza jambo jipya ndani ya kizazi kimoja. Lysos aliikusudia Stratos isibadilike, na riwaya yote ni hadithi ya gharama ya kusudio hilo.

Mgeni na Mwenyeji

Suala la mwisho ni la usimulizi. Nchi za kubuni huelezwa kwa desturi kupitia mgeni. Herland ina wasafiri watatu wanaume. Hadithi ya Rokeya ina mwotaji anayetembezwa. Na Glory Season, ingawa Maia ni mwenyeji, inamhitaji Renna na kumbukumbu zake ili msomaji aelezwe sayansi na historia ya sayari. Riwaya ya Kiswahili nayo imeifuata njia hii. Katika Walenisi (1995), Katama Mkangi alimtoa Dzombo katika hukumu ya kifo ya utawala dhalimu na kumfikisha katika nchi ya haki, ambayo jina lake likigawanywa husomeka wale ni sisi. Kazi hiyo ya mwana wa Pwani inatosha kuipindua rai iliyotajwa mwanzoni, kwamba Mswahili hana pa kuushikia utanzu huu. Lakini hata humo, mwanamke, Mtu-Binti, ni mwenyeji anayemwongoza mgeni wa kiume. Ulimwengu unafafanuliwa kwa sababu mwanamume ameuliza.

Kuna kitabu kingine ambacho si riwaya, nacho kinaonyesha njia tofauti. Sarah Mirza na Margaret Strobel walikusanya maisha ya Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, na kuyatoa kwa Kiingereza mwaka 1989, na kwa Kiswahili mwaka 1991 kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili. Ni kweli kwamba hapa pia palikuwa na waulizaji. Lakini sauti inayosikika ni ya wenyeji. Kaje ni wa ukoo wa waungwana na Mishi ni wa kizazi cha watumwa, na kila mmoja anauona mji ule ule kwa jicho lake. Harusi, ngoma, kungwi na mavazi vinatajwa kama vitu vinavyojulikana, na msomaji asiyejua hana budi kukaa na kusikiliza mpaka ajue. Hivyo ndivyo ulimwengu unavyojengeka ndani ya akili ya msomaji: kwa kuingia katika mazungumzo ambayo hayakuanza kwa ajili yake.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Glory Season ni kazi yenye fikra pana, iliyojengwa kwa uangalifu wa kiuchumi na yenye huruma kwa wanyonge, lakini iliyokosea katika msingi mmoja. Imechukua kufanana kuwa zawadi ya mwili, ilhali visa vyake vyenyewe vinashuhudia kwamba ni kazi ya watu. Kwa kosa hilo imepoteza malezi, imepoteza fumbo, na imepoteza uwezekano wa aliye chini kumfunza aliye juu.

Kwa upande wa fasihi ya Kiswahili, somo linalopatikana linawahusu waandishi na vyuo. Mwaka 1979 Ahmed Sheikh Nabhany alitoa Sambo ya Kiwandeo, utenzi uliohifadhi msamiati wa kujenga chombo cha baharini, kwa kuwa aliona kwamba ujuzi ule ungezikwa pamoja na mafundi wake. Chombo cha wanaume kikapata mtunzi. Nyumba waliyoiacha nyuma yao wakati wa kusi, pamoja na vyeo vyake, sare zake, mashindano yake na majina ya leso zake, haijapata riwaya ya kubuni iliyo sawa na uzito wake. Watafiti wamekwisha kuweka sehemu yake katika maandishi, na baadhi ya waliocheza lelemama walisimulia wakiwa hai. Mwandishi wa Kiswahili atakayetaka kubuni sayari ya wanawake hana haja ya kuanzia maabara. Aanzie kwa mtu wa somo yake, amuulize alifunzwa nini, na nani aliyemfunza.